Anasema Ana Maumivu

3 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini mgongo umekuachia na wagonjwa hawajakumaliza. Mimi nisiseme mzima, maana anayemdanganya daktari anajidanganya mwenyewe.

Tumbo limerudi, baya kuliko mwaka jana. Kazi yangu unaijua. Nikishapanda kreni, kushuka ni ngazi ndefu, na chini kuna watu wanaongoja mzigo. Wenzangu wa saiti wananitania, "Aliye juu mngoje chini, Kipanga," nami nacheka. Hawajui kwamba sili kuanzia mchana wa jana yake ili nimalize zamu, wala kwamba kibandani nina ndoo yenye mfuniko. Mtu mzima, Mama. Ndoo.

Daktari wangu wa familia amepima damu na choo, amepitisha kamera. Hakuna kitu. Anasema ni ule utumbo unaochokozeka, ugonjwa usioonekana kwenye kipimo, nipunguze mawazo. Nimebadili chakula. Nimemeza kila kidonge alichoandika. Juzi alipogeuka kunawa mikono nikasoma kwenye kompyuta yake: "Mgonjwa anasema ana maumivu."

Sasa hapa mjini kuna mama mmoja, mtaalamu wa hipnosisi, aliyesomea kutibu utumbo wa aina hii. Anakulaza kitini, anakutuliza kwa maneno mpaka unakuwa kati ya kulala na kuamka, kisha anaufundisha utumbo kutulia. Hampokei mtu bila barua ya daktari inayothibitisha kwamba vipimo vimefanywa na hakuna ugonjwa mwingine. Daktari wangu anasitasita. Nilipomwambia mama yangu naye ni daktari wa familia, alichangamka, akaomba namba yako. Akikupigia, mwambie aandike; nakala za vipimo nimekuwekea humu. Sina mlango mwingine.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma nikiinama, kwa hiyo siinami. Wagonjwa ni wale wale, na watoto wao.

Daktari wako alinipigia. Ni mtu makini. Tulizungumza kama watu wa kazi moja, na kwa kuwa sipendi kuzungukazunguka, nakwambia tulichokubaliana: hatutaandika.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Hipnosisi ninayoijua mimi ni ya jukwaani, mwanamume na ndevu zake anawika kama jogoo, watu wanapiga makofi. Nimeona wagonjwa wangu wakiuziwa maji yenye rangi na watu wenye vyeti ukutani. Siweki sahihi kwenye jambo nisilolijua. Halafu kuna hili: nikimtuma mgonjwa wa tumbo kwa mtu wa mambo ya akili, anasikia nimemwambia maumivu yake ni ya kubuni. Sitaki mwanangu aambiwe hivyo.

Kula kwa wakati. Omba kazi ya chini kwa muda. Ugonjwa huu hauui.

Mama yako


2 Aprili

Shikamoo Mama,

Habari za huko sitauliza leo. Mgongo upone.

Mmekubaliana. Niliomba barua, mkanifanyia kikao, na mgonjwa hakualikwa. Daktari wangu ananiambia sasa, "Hata mama yako ameona hivyo," na mazungumzo yanaishia hapo.

Unaogopa nitaambiwa maumivu yangu ni ya kubuni. Nimeshaambiwa, Mama, katika kila chumba cha daktari nilichoingia, kwa upole, nikapewa na risiti. Na hauui, kweli. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Jana nilikuwa nimebeba nondo. Tumbo likakaza ghafla, mkono ukashtuka kwenye kishikio, mzigo ukayumba juu ya fundi aliyekuwa akipima ukuta. Akajitupa pembeni. Yuko hai, amevunjika kiwiko. Nilimwona toka juu akiutazama mkono wake kama si wake.

Msimamizi amenishusha. Nafasi yangu ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Nikileta karatasi kwamba nimeanza matibabu, nitarudi. Nisipoleta, kreni inapewa mwingine.

Usipige simu. Ukiandika, andika ile barua niliyoomba. Kama si hiyo, basi.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kama mama. Simu yako inaita mpaka inakatika. Najua ulisema nisipige.

Fundi anaendeleaje? Na wewe, umekula?

Nijibu hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Mama yako


6 Mei

Mwanangu,

Sijui kama barua zangu unazifungua. Hii ifungue.

Madaktari wa familia wa hapa tunakutana kila mwezi. Safari hii niliuliza nani amewahi kumtuma mgonjwa wa tumbo kwenye hipnosisi. Mmoja alisema hana muda wa kuchunguza nani mtaalamu, nani tapeli, na hilo ni kweli, hatuna. Mwingine akasema, "Mimi humtuma yule niliyechoka kumwona." Tuliangua kicheko. Nami nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba wewe pia una daktari, na kwamba naye ana wenzake wa kucheka nao.

Tulipokuwa tunaondoka, yule mwenzetu tunayemwita Bubu kwa kuwa vikaoni hafungui kinywa alinifuata mpaka kwenye gari. Tumbo lilimtesa miaka mingi. Akaenda kutibiwa hivyo mji mwingine, kwa siri. Maumivu hayajaisha yote, lakini sasa anakula mchana na kumaliza kliniki bila kutoroka chumbani.

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza.

"Ningekwambia, ungeendelea kuniletea wagonjwa wako?"

Jibu alikuwa nalo, ndiyo maana mkutanoni alinyamaza.

Alinipa tafiti alizozikusanya. Nimezisoma mara mbili. Hazisemi ni muujiza. Zinasema wengi hupata nafuu, wengine hawapati. Nilipokukatalia sikuwa nimesoma hata moja.

Barua yako ya rufaa imo humu. Nimetumia nakala za vipimo ulizonipa mwenyewe. Daktari wako sikumpigia, wala sikumpigia mtu mwingine yeyote. Bahasha ya mtaalamu sijaifunga. Isome kwanza. Palipokosewa, futa.

Najua mwezi umekwisha.

Mama yako


24 Mei

Shikamoo Mama,

Barua zote zimefika. Nilizifungua zote, kujibu ndiko kulikonishinda.

Kreni imepewa kijana wa saiti nyingine. Anashusha mzigo taratibu, hana kosa. Mimi niko stoo, nagawa kofia na glavu. Fundi amerudi, mkono kwenye bendeji. Kila asubuhi ananisalimu kabla sijamsalimu. Afadhali angenitukana.

Nimemwona yule mama wa hipnosisi mara moja. Chumba kina kiti, feni na pazia. Hakuna aliyewika. Aliniambia niweke kiganja tumboni nisikie joto lake. Nililia mpaka muda ukaisha, na tumbo halikutulia. Anasema tutahitaji wiki nyingi, na huenda tiba isifae. Ni wa kwanza kuniambia "huenda" bila kutazama saa.

Nitarudi kwake Alhamisi. Sina tumaini la kukutumia, Mama, kwa hiyo usilisubiri. Jana pia sikula. Sipandi tena popote, choo kiko mlango wa pili, na bado sili. Mwili umejifunza kuogopa na haujui kwamba kazi imekwisha.

Rufaa niliisoma kabla ya kumpa, kama ulivyosema. Ilikuwa nzuri. Nimerekebisha mahali pamoja tu. Uliandika, "Mgonjwa anasema ana maumivu makali."

Nimefuta "anasema".

Mwanao