Kekeo Mwenye Njuga

Tsiuri, uko macho? Usicheke kabla sijamaliza.

Leo baba mkwe amekubali niingie kibandani kutega kipanga. Mimi! Mwanamke wa kwanza ukoo mzima! Nimejificha kwenye matawi, namchezesha ndege chambo kwenye fimbo, mara kitu cha kijivu, kifua mistari, macho ya manjano, kikaja kasi juu ya mahindi.

Baba mkwe mwenyewe akanong'ona, "Kipanga huyo! Vuta, Nanuli!" Nikavuta wavu.

Sasa sikiliza hapa. Yeye ndiye aliyemtoa wavuni. Yeye ndiye aliyesema, "Macho hayo! Huyu atatukamatia kware mpaka tuwachoke." Yeye ndiye aliyemfunga njuga mguuni, ile ya marehemu baba yake!

Jirani yetu Zauri, aliyekuja na wanaume wengine kutazama, akachungulia. "Mzee, mbona mdomo haujapinda? Huyo si kekeo?"

KEKEO, Tsiuri! Mla viwavi! Baba mkwe kwa mshtuko akamwachia, ndege huyo akaenda zake na njuga yake.

Na unajua nimeambiwa nini mbele ya wanaume wote? "Ndiyo maana wanawake hawakai kibandani."

Ati nini?! Nikamwambia, "Baba, wavu nimevuta mimi. Njuga kafunga nani?" Zauri akawa anakagua viatu vyake.

Kesho narudi kibandani, wapende wasipende.

Kekeo mwenyewe yuko kwenye mti nyuma ya nyumba yetu. Kila akiruka, njuga inalia, majirani wanatoka kuuliza kuna nini. Nawajibu kwa adabu zote: "Muulizeni baba mkwe."