Filimbi Yako Imelia Mdomoni Mwangu

Baba Njeri,

Naona haya hata kukuita, kwa sababu leo asubuhi nimecheka. Nimecheka kwa sauti, na kichwa changu bado kimenyolewa kwa ajili yako, na majani hayajaota kaburini. Afadhali uyasikie kwangu kabla wengine hawajakufikishia, maana unajua maneno ya hapa Dundori hayakosi miguu.

Tangu kifua kikuondoe, ng'ombe wa bwana mkubwa mwenye shamba wamekataa kuteremka kukamuliwa. Walizoea filimbi yako. Vijana wa zizi wanapiga miluzi, wanagonga makopo, wanawakimbiza kwa fimbo, na maziwa yanapopatikana lori la Nakuru limeshaondoka. Nyapara alikuja mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mama Njeri, hii nyumba ni ya mtu wa ng'ombe. Mwezi ikiisha nitapatia mwingine." Maana yake unaijua. Mimi na mtoto tutapakiwa kwenye gari turudishwe rizavu, kule tulikotengewa sisi weusi, ambako hatuna hata pa kupanda kiazi kimoja.

Nikaishusha filimbi pale ulipoichomeka chini ya paa. Ilinuka tumbaku. Na mimi, mjinga wako, nikaisafisha kama ninavyosafisha kibuyu cha maziwa: nikatia kaa la moto ndani, nikatikisa. Mwanzi ukapasuka. Niliketi sakafuni nikatamani ardhi inimeze. Kitu ulichokipaka mafuta ya kondoo kila Jumapili tukitoka kanisani, mimi nimekiharibu kabla uji haujachemka. Ufa nimeuziba kwa nta ya nyuki, lakini unaonekana.

Nikaenda kusimama penye jiwe lako, juu ya zizi, pale ulipokuwa ukisimama kuwaita ng'ombe. Hewa tupu. Mate. Kizunguzungu. Siku baada ya siku nilipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na wanawake waliokuwa wakichuma maua ya pareto wakaacha kazi kunitazama. Mama Wambui, jirani yetu, hakunificha: "Hiyo ni kitu ya wanaume. Utakausha ng'ombe maziwa." Nilirudi nyumbani nimeificha ndani ya leso, kama mwizi.

Leo asubuhi Njeri alikataa uji kwa sababu ulikuwa moto. Nikashika kikombe nikampulizia, taratibu, na midomo yangu ikakumbuka. Siku ile nilipokunyang'anya filimbi kwa mzaha uliniambia, "Usiipigie kelele. Ipoze, kama uji wa mtoto." Nami nikakujibu kwamba kupoza uji ni kazi yangu, kuchezea mwanzi nakuachia wewe. Mdomo wangu huu, Baba Njeri.

Nilimwacha mtoto na kikombe chake, nikapanda hadi kwenye jiwe. Sikupuliza ndani. Nilipoza tu ukingo wa tundu. Ikatoka sauti moja, nzito, ndefu, isiyo na mate. Ndipo nikacheka kama msichana, mbele ya wachuma pareto wote, mimi mjane.

Ng'ombe waliinua vichwa. Wakashuka, yule mwekundu wako mkorofi mbele. Lakini hawakusimama kwangu. Walinipita, wakasimama wakatazama kijia kinachotoka nyumbani, ule upande ulikokuwa ukitokea. Na mimi nikageuka, nikatazama pia.

Nikaacha kucheka. Nimeona aibu tangu saa hiyo, kwamba niliweza kufurahi, na furaha yenyewe nimeipata kwa kitu chako.

Nyapara alikuwa zizini akaona. Aliinua kofia tu akaenda kuhesabu ndoo. Jioni akatuma mtu kuniambia nyumba ni yetu.

Basi pumzika, mume wangu. Filimbi nitaipaka mafuta kila Jumapili, na kaa la moto halitaikaribia tena. Kesho alfajiri nitasimama penye jiwe lako nipulize. Nikigeuka kutazama kijia, usinicheke.

Ni mimi,
Mama Njeri