Baba, Gari Lako Bado Linakula Mafuta Kidogo

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ututoke ukiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lako mwenyewe, tangi likiwa limejaa.

Wanafunzi wako wa udereva bado wanatusimamisha njiani kutuambia ulikuwa mtu wa namna gani. Uliwafundisha kukanyaga mafuta kama mtu anayempita mtoto aliyelala. Kubadili gia mapema, kutazama mbali ili wasishike breki ovyo, kupima upepo wa tairi kabla ya safari, kubadilisha chujio la hewa kabla halijaziba. Hukumfokea hata mmoja wao. Walikupachika jina la Mwalimu Taratibu, nawe ulilipenda kuliko majina yetu.

Sisi tulipata yaliyobaki. Kwenye mwinuko wa kurudi nyumbani ulitushusha tupande kwa miguu, mikoba ya shule mgongoni, kwa sababu uzito unakula mafuta. Bibi naye, mama mzazi wa Mama, ulimshusha, ukamsubiri kule juu ukifuta kioo. Tulikuwa tukitaniana kwamba siku ya kutuzika utauliza kwanza uzito wa jeneza. Ulicheka pamoja nasi, kusema kweli. Ulikuwa na kicheko kizuri.

Halafu kulikuwa na mteremko wako. Kutoka mtaani kwetu barabara inashuka moja kwa moja hadi hospitali, nawe hukuwahi kuishuka injini ikiwaka. Ukifika kileleni unageuza ufunguo, gari linateleza kimya, usukani umekuwa mzito kama geti bovu. Darasani ulikataza jambo hilo, maana injini ikizimwa breki hupoteza nguvu. Nyumbani ulituambia marufuku hiyo ni ya watu wasiojua kuendesha.

Siku uchungu uliponishika kabla ya wakati wake, mimi binti yako, ulinishusha mteremko ule vivyo hivyo. Nilikuomba uwashe injini. Mama alikuomba, mpaka akakushika shati. Ulimjibu, bila kugeuka, kwamba haraka huua watu. Kule chini tulikuta foleni, ukageuza ufunguo, gari likagoma kuwaka. Wewe uliyekagua tairi za dunia nzima ulikuwa na betri iliyochoka. Mwanangu alizaliwa kwenye kiti cha nyuma na hakulia.

Ulikuja kando ya kitanda changu umeshika kofia.

“Hata tungekimbia, mwanangu, ilikuwa imeandikwa,” ulisema.

Kisha ukaenda kununua betri mpya.

Mwaka jana, kifua kilipokubana, Kaka ndiye aliyeshika usukani. Mama alikaa mbele, mimi nyuma, kichwa chako mapajani pangu. Ulimwambia Kaka akimbie. Neno hilo hatukuwahi kulisikia kinywani mwako, na ulilirudia kwa shida kila tulipopita duka au kona. Tulipofika kileleni, Mama alinyoosha mkono, akageuza ufunguo.

“Haraka huua watu, mume wangu,” alisema.

Alisema kwa upole, kama anayekukumbusha koti. Kaka hakubisha. Tukateleza. Ulinitazama usoni njia nzima, nami nikawa nakupangusa jasho, kwa sababu ulikuwa baba yangu na nilikupenda. Wala sikumwambia Mama arudishe ule ufunguo.

Kule chini gari liliwaka mara moja. Betri ilikuwa nzima, Baba, ulichagua vizuri. Wewe ulikuwa umeshakwenda.

Gari tunalitunza kama ulivyotaka. Tairi zina upepo wa kutosha, chujio ni safi, buti halina mzigo wa bure. Mwinuko Bibi anaupanda akiwa amekaa mbele, dirisha wazi, na mteremko tunaushuka injini ikiwaka. Hatujaona mafuta yakiisha upesi zaidi.

Unakumbukwa na mkeo, anayekaa na ufunguo mfukoni, na mwanao mkubwa, dereva wetu, nami binti yako, na mkwe wako, mume wangu, ambaye hajalipanda tena gari hilo, na Bibi, na mjukuu wako wa kwanza, aliyekutangulia, ambaye huenda mmeshaonana.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Na kama huko uliko unajiuliza iwapo tungewahi, usijisumbue.

Hata tungekimbia, Baba, ilikuwa imeandikwa.