Magamba Kumi na Matatu

Ijumaa, 16 Februari 1968

Joto la leo halina pa kukimbilia. Nimekaa kwenye dirisha la juu, ambapo jioni kwa kawaida hupita upepo kidogo, lakini hata hapa pazia limetulia kama limepigwa misumari. Nimelifungua daftari hili mara mbili na kulifunga. Nina hasira, na hasira yenyewe nimekosa pa kuiweka, kwa sababu aliyeniudhi ndiye mtu ninayempenda kuliko wote.

Ni baba.

Nianze mwanzo, nisije nikasoma maneno haya baada ya miaka nisijielewe.

Baba ni fundi wa vitu vya ng'amba. Duka lake liko Ndia Kuu, chini ya nyumba yetu, na tangu nilipoanza kutambaa nimeishi na harufu ya kazi yake. Ng'amba ni kasa wa baharini mwenye mdomo uliopinda kama wa kasuku, na mgongoni ana magamba makubwa kumi na matatu, ya rangi ya asali iliyotapakaa kahawa. Baba huyachemsha katika maji ya chumvi mpaka yalainike, huyabana kati ya mbao mbili yanyooke, kisha huyakata kwa msumeno mwembamba na kuyasugua kwa jani la msasa mpaka yang'ae. Hutoa vitana, bangili, na visanduku vidogo vya kuwekea pete. Wageni wanaoshuka melini huvipenda sana. Vitabu vyangu vya shule vimetokana na vitana hivyo, na hata kitana kilichoko kichwani mwangu sasa hivi ni cha ng'amba. Sijifanyi kwamba mimi ni msafi.

Lakini muhula huu Mwalimu Pereira, anayetufundisha elimu ya viumbe, alitufundisha habari za kobe na kasa. Wasichana walicheka alipouliza nani kwao wamefuga kobe uani, maana karibu nusu ya darasa waliinua mikono. Kisha akasema jambo zito. Alisema kuna wataalamu wanaoandika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kwisha duniani, na kasa wamo, na ng'amba ndiye anayetakiwa zaidi kwa ajili ya mgongo wake. Anakua polepole mno, alisema. Mtu anaweza kuzaliwa, kusoma na kuolewa kabla ng'amba mmoja hajawa mkubwa wa kutaga mayai.

Wenzangu waliandika kwenye madaftari yao. Mimi kalamu yangu haikwenda. Niliona kama darasa zima linajua chumba cha nyuma cha duka letu kina nini, ingawa hakuna aliyegeuka kunitazama.

Jumatatu baba aliniambia nifuatane naye Liwatoni, pwani ya wavuvi, baada ya shule, akachague gamba. Ndiyo desturi yake. Hanunui gamba ambalo hajaliona likiwa bado juu ya mnyama, kwa sababu, asema, gamba likishatolewa huficha kasoro zake. Mvuvi anayemletea ni Ami Shee. Si ndugu yetu wa damu, lakini nimemwita ami tangu utotoni. Ami Shee huvua kasa kwa chazo, yule samaki mwenye kinyonyeo kichwani. Humfunga uzi mkiani na kumwachilia majini. Chazo akimpata kasa humng'ang'ania, na Ami Shee huuvuta uzi taratibu mpaka wote wawili wafike ubavuni mwa mashua.

Ng'amba alikuwa amefungwa pezi kwa kamba kwenye maji ya magotini. Baba alimwinamia, akachota maji kwa kiganja, akamwagia mgongoni, akayatazama magamba moja moja jua likiyapiga. Uso wake ulikuwa ule ule anaokuwa nao akisikiliza msomaji mzuri wa Kurani. Mimi nilitazama kichwa. Macho yalikuwa yakitoka machozi mazito.

"Alia," nikasema.

"Usimhurumie huyo," Ami Shee akanijibu, huku akikuna kisigino. "Hulia hata akicheka. Kama mkewe ami yako."

Baba alicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu mke wa Ami Shee ndivyo alivyo kweli. Lakini njiani kurudi nilitembea nyuma ya baba.

Siku mbili nilijikusanya. Jumatano baada ya chakula cha mchana nilimwambia baba, mama akiwepo, kwamba sitaki ng'amba yule afe. Nilimweleza yote aliyosema Mwalimu Pereira. Nilisema najua hatuwezi kuacha kazi mara moja, najua tunakula nini, lakini huyu mmoja nimemwona uso, namwomba anipe uhai wake. Nilipanga maneno hayo tangu alfajiri na bado yalitoka yakigongana.

Mama ndiye aliyejibu kwanza. "Wenziwo hulilia mkufu, weye walilia kasa. Siku ya posa tutamwambia bwana harusi alete mahari ya mwani."

Baba hakucheka safari hii. Alinawa mikono, akafikiri, akasema, "Hatakufa. Nimekwahidi. Nitamrudisha mwenyewe baharini." Nikambusu mkono. Sikuwa nimemwona baba akivunja ahadi maisha yangu yote, kwa hiyo nililala usingizi wa mtoto.

Leo asubuhi nikafanya kosa langu. Mwalimu Pereira aliuliza kama kuna yeyote aliyelifikiria lile somo la kasa, nikasimama mbele ya darasa zima na kusema kwamba baba yangu, fundi wa ng'amba, anamrudisha ng'amba mmoja baharini kwa ajili ya yale tuliyosoma. Mwalimu alivua miwani. Alisema anataka niandike insha juu yake, ataibandika ukutani. Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyebebwa.

Baba alikuwa dukani, kitini, uso umempauka. Nilimpa masalkheri. Aliniambia, "Ndoo hapa, mwanangu," akanishika mkono, akanisimulia. Alikwenda na Ami Shee katika mashua mpaka nje ya mwamba, kwenye maji ya buluu, asije mvuvi mwingine akamkamata tena. Baba hajapanda mashua kwa miaka, maana bahari humchafua moyo. Alitapika kwenda na kurudi, na Ami Shee alimcheka njia nzima kwamba mzaliwa wa kisiwani anatapika kama mtu wa bara. Alivumilia yote hayo kwa ajili yangu.

"Nimemuona kwa mato yangu," akasema. "Akapiga mbizi, akenda zake."

Nilitaka kumkumbatia. Nilipomzunguka nikaona meza ya kazi. Juu ya gunia lililolowa yalikuwa yamepangwa magamba, makubwa kwa madogo, yakiwa bado na utando wa damu pembezoni. Sikuhitaji kuhesabu, lakini nilihesabu.

Kumi na matatu.

Nilimwuliza ni ya yule. Akaitika, bila haya hata kidogo. Alinieleza kwa upole, kama anavyonieleza jambo la sala. Kwamba wavuvi wengi wazembe humuua ng'amba kwanza, au humwacha mchangani baada ya kumtoa magamba, na hiyo ndiyo dhambi. Lakini babu yake alimfundisha njia ya haki. Maji ya moto humwagwa mgongoni kwa kipimo, gamba huachia lenyewe, halafu mnyama hurudishwa baharini upesi akiwa hai. Baada ya miaka huota mengine, kama kucha za mtu. "Sisi hatuui," akasema. "Twakata, kisha twamwacha akamee. Leo nimeyatoa kwa mkono wangu, sikumwachia Shee, ili asiumie zaidi."

Maji ya moto. Mnyama akiwa hai. Kisha maji ya chumvi juu ya mgongo ulio wazi.

Hapa ndipo hasira yangu inaponishinda kuiandika. Angekuwa amenidanganya, ningejua la kufanya. Angekuwa mchoyo, ningemnunia mpaka mwezi uandame. Lakini alinipa nilichomwomba, kwa kadiri ya alivyojua. Alijitapisha bahari nzima kunipa. Kisha akakaa kitini akingoja nifurahi.

Nilimwambia baba kwamba Mwalimu Pereira ametufundisha gamba la kasa si nguo ya kuvua. Limeshikana na mwili wake, na chini yake kuna mfupa ulio hai. Nilimwambia ng'amba yule atakufa, kama hajafa. Baba hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema tu kwamba Mwalimu Pereira ni mtu mwema lakini bahari ameisoma vitabuni, ilhali babu yake yeye baba aliishi ndani yake. Mama akaita kutoka ngazini kwamba nimeanza kumsomesha baba yangu, na kwamba mchuzi unaungua kwa kuwa mwenye kuutazama yuko dukani anabishana habari za kasa.

Sikupanda. Nilikuwa nimesimama pale nikiyatazama yale magamba, na kichwani mwangu kulikuwa na kelele tupu, mara likanijia swali. Sikulitafuta. Baba ni mtu anayeweza kufumba macho, akapapasa gamba, akakwambia limetoka kasa mkubwa au mchanga, na kama mnyama alikuwa mgonjwa. Watu huja kutoka Lamu kumwuliza. Basi nikamwuliza.

"Baba, tangu uanze kazi hii, umepata kuletewa gamba lililoota mara ya pili?"

Aliinuka kitini, akaisogelea meza.

Alilichukua gamba moja mezani, akaligeuza upande wa ndani, akapitisha kidole gumba ukingoni. Akachukua jingine. Mteja mmoja alisimama mlangoni akiulizia bangili, baba akamwambia arudi kesho bila ya kuinua uso. Jambo hilo sijaliona likitokea hata siku moja. Nilisikia mlio wa baiskeli ukipita nje, na sauti ya mama ikiniita tena, na baba bado anageuza gamba.

"La," akasema mwishowe. "Sijaletewa."

Alifunika meza kwa kitambaa, akashusha komeo la mlango, na alasiri haijaadhiniwa. Alipita karibu na mama ngazini, aliyemwuliza kama ni mgonjwa, akaenda zake chumbani.

Ungedhani nimeshinda. Sioni nilichoshinda. Neno moja la baba halimrudishii ng'amba mgongo wake. Huenda wakati huu ninapoandika anazama polepole mahali fulani nje ya mwamba. Nimekasirishwa na babu yake baba ambaye sikumjua, na wavuvi waliolichukua neno lake bila kulichungulia. Nimekasirika pia na nafsi yangu, kwa kukimbilia kujisifu mbele ya darasa kabla sijaona mwisho wa jambo. Jumatatu itanibidi nisimame pale pale na kusema nilikosea. Insha nitaiandika, lakini haitakuwa ile aliyoitarajia Mwalimu Pereira, na sijui nitaiandikaje bila kumvunjia baba heshima yake. Wale wasichana hawakumwona akiwa na uso uliopauka.

Muda mfupi uliopita baba amepanda huku juu. Alisimama nyuma yangu, nikaweka mkono juu ya karatasi, ingawa yeye hana tabia ya kusoma yasiyo yake. Alisema kesho asubuhi anakwenda Liwatoni kuwauliza wavuvi, mmoja baada ya mmoja, Ami Shee kwanza, halafu wazee wao. Atawauliza kama kuna aliyewahi kumkuta ng'amba baharini ana mgongo uliomea upya. Awe amemwona kwa macho yake mwenyewe, si kuambiwa.

"Utakwenda nami?" akaniuliza.

Nimemwambia nitakwenda.

Nataka wote waseme hawajamwona. Nataka waseme hivyo mbele yake, mpaka asibaki hata mmoja wa kumpa baba pa kujificha, kwa sababu ndipo atakapoweka msumeno chini, na ng'amba wengine watasalimika. Hili ndilo ninalolitumaini, na ni tumaini la haki.

Lakini baba amefanya kazi hii tangu ujana wake, na kila mwaka ng'amba wametolewa magamba kwa ajili yake na kurudishwa baharini, naye akiamini wako hai. Wakisema wote hawajamwona, atarudi Ndia Kuu akijua wale wote walikwenda wapi. Na mimi nitakuwa nikitembea pembeni yake.

Nitamshika mkono, au nitamwachia nafasi?