Sikugeuza Karatasi

We dada, sikugeuza karatasi. SIKUGEUZA!

Nimerudi kutoka kwenye mtihani wa insha, nimejifungia chooni nalia.

Nilianza vizuri kabisa. Nikapigia mstari neno "jadili", nikapanga hoja pembeni, nikagawa muda. Swali nikalijibu mpaka mkono ukafa ganzi. Nikamaliza mapema, nikajiona bingwa.

Msimamizi anakusanya karatasi, jirani yangu ananiuliza, "La pili, lile la nyuma, umelionaje?"

La nyuma?! Nusu ya alama ilikuwa nyuma, dada.

Na unamjua baba. Miaka thelathini ya ualimu, wimbo wake ni uleule: "Geuza karatasi kwanza, ndipo ushike kalamu." Na mimi ndiye bintiye.

Tangu apigwe na kiharusi hasemi neno. Nimeingia, nimemkuta kitini ananisubiri. Akainua ule mkono wake mzima, akaugeuza polepole, kiganja juu. Akanitazama.

Nikamwambia, "Nimegeuza, baba."

Akatabasamu kwa upande mmoja. Ametabasamu, dada. Mara ya kwanza tangu augue.