Kulabu ya Nyuma Niliyoipaka Rangi

Nyumba ya Mabaharia,
Ghorofa ya Pili, Chumba Namba 6.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa Nahodha Mdogo,

Marahaba mwanangu, marahaba ndefu kuliko mlingoti. Shikamoo yako ilinifikia Ijumaa ndani ya barua, nami nikaiitikia kwa sauti hadi Mpishi, mwenzangu wa chumba, akauliza naongea na nani. Hujambo lakini? Kile kifua chako cha utotoni kimetulia? Huko chuoni wanakulisheni mkashiba? Na miwani, umeshaizoea au bado unaificha mfukoni? Mimi sijambo kabisa, nina nguvu za vijana watatu, ila goti la kushoto linalalamika ngazini, na hilo ni kuringa tu, si ugonjwa.

Utajiuliza kwa nini mjomba anaandika na simu ipo. Nilikupigia Jumamosi, nikakupigia Jumapili, na mara zote mbili niliishia kukusimulia habari za maharamia. Mdomo wangu ukishapata simu haushikiki. Kalamu inanitia adabu, maana darasa la sita ndilo lililonitoa shuleni na kila neno nalitolea jasho. Barua hii ataibeba karani wa safari wa kampuni, anayeruka Alhamisi kuwaletea mikataba yenu. Nimemwambia akupe mkononi, asimpe mtu mwingine hata akijiita mama yako.

Hapa tuko kumi na mmoja tunaosubiri kuitwa melini. Vitanda vya chuma, kabati moja kwa watu wawili, na dirisha linalotazama paa la gereji. Kampuni yenyewe, kama ulivyofundishwa, haina meli hata moja. Inaziendesha tu kwa niaba ya wenyewe: inatafuta watu, inanunua rangi na kamba, inasimamia usalama. Lakini uliza ofisini serahangi ni nani, serahangi wa kweli, mkuu wa mabaharia wote wa sitaha, utaona vidole vyote vinanielekea. Wakisikia hatua zangu ngazini hata wakubwa wanaketi wima.

Maharamia wenyewe nitakugusia kidogo tu. Mashua tatu, mwanangu, zimejaa watu na ngazi za kulabu, nami peke yangu na bomba la kuzimia moto. Niliwapiga maji hadi ya mwisho ikageuka yenyewe. Mpishi anasema ilikuwa mashua moja, na walikuwa wavuvi waliotaka sigara. Mpishi siku hiyo alikuwa chini anakata vitunguu, machozi yanamtoka, angeona nini?

Haya. Nimeona nimeanza tena.

Barua yako nimeisoma hadi imelegea mikunjo. Kwamba umefaulu, nilijua. Tangu ulipokuwa unasimama juu ya kitanda cha bibi yako na sufuria kichwani ukituamuru tushushe nanga, nilisema huyu si wa kukaa nchi kavu. Kwamba umepewa uofisa wa tatu, nikawaonyesha watu wote humu ndani, hata fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki. Kisha nikafika kwenye jina la meli. Meli yangu ile ile, niliyoshuka wiki sita zilizopita. Nikafika na pale ulipoandika kuwa mashua za kuokolea zitakuwa mikononi mwako, na kwamba huna wasiwasi, "kwa sababu alipopita mjomba hakuna kibovu."

Tangu Ijumaa sijakaa kitako. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nafunga. Mpishi jana alinishika shati.

"Serahangi, tulia basi, unanizungusha kichwa. Una deni au una mchumba?"

"Nina mpwa," nikamwambia.

"Mpwa ndiyo akufanye utembee hivyo? Basi mimi nina wapwa tisa, si ningekuwa nimeshafika ng'ambo kwa miguu!"

Nikacheka, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Mara tatu nimeshuka kwenda ofisini, mitaa miwili tu kutoka hapa. Mara tatu nimefika mlangoni, nikajifanya nimekuja duka la pembeni, nikanunua sabuni nikarudi. Sasa nina sabuni za kufulia matanga ya dunia nzima.

Sikiliza basi, na ukisoma hapa usirukeruke mistari.

Mashua ya kuokolea, ile ya upande wa kulia, inaning'inia kwa kulabu mbili, ya mbele na ya nyuma. Hili unalijua kwa kitabu, mimi nalijua kwa mikono. Kila zoezi la kuishusha majini, mashua ikisharudishwa juu, kulabu lazima zifunge hadi mwisho na kipini kidogo kiingie tundu lake. Melini kwetu kuna utaratibu wa watu watatu. Mmoja anatazama kulabu ya mbele, anapaza sauti, "Nimeona!" Wa pili anatazama ya nyuma, "Nimeona!" Wa tatu anazitazama zote mbili, "Nimeona!" Hapo ndipo ofisa wa tatu anaandika kitabuni. Bila sauti tatu, haandiki.

Siku ya zoezi la mwisho kulikuwa na mvua, na kesho yake wakaguzi walikuwa wanapanda. Vijana wangu wawili walikuwa wanatetemeka kama vifaranga. Nikawaambia nendeni mkale, mjomba wenu mashua hii anaifunga akiwa amefumba macho. Ndivyo nilivyosema, mwanangu, na walicheka, wakanipigia makofi, wakaenda. Kulabu ya mbele ikafunga vizuri. Ya nyuma ikagoma. Nikaipaka grisi, ikagoma. Nikaigonga nyundo mara tatu, ikaonekana kama imefunga. Kipini sikukitazama. Kukitazama kulitaka nipande juu ya paa la mashua lenye utelezi, na hili goti, na watu wote wameshanimwagia sifa.

Nikapaza sauti, "Nimeona!" Nikabadilisha sauti kidogo, "Nimeona!" Ya tatu nikaitoa nikicheka. Ofisa wa tatu, kijana mpole ambaye kiti chake ndicho unachokwenda kukalia wewe, alikuwa amesimama chini ya mwavuli na kitabu chake. Akaniamini, akaandika.

Asubuhi kabla wakaguzi hawajapanda, nikachukua kopo la rangi nyekundu nikaipaka kulabu yote, na kipini, na tundu la kipini, ikang'aa kama midomo ya bi harusi. Mkaguzi akaisifia. Alitupiga picha, mimi na kulabu. Ile picha niliyokutumia, uliyosema umeiweka kwenye daftari, ndiyo hiyo. Kilicho nyuma ya bega langu ndicho kinachoninyima usingizi.

Huenda kipini kiliingia. Huenda hakikuingia. Mimi ninayejua kila kitu, hilo silijui.

Naweka kalamu chini. Naenda ofisini, na safari hii sina hela ya sabuni.

Jumatano, saa tano asubuhi.

Nimerudi. Jana nilikuta pamefungwa, leo nikawahi kabla hawajafagia.

Ofisa usalama wetu ni mama mmoja mfupi tunayemwita Mama Filimbi, maana anatembea na filimbi shingoni hata anapokwenda kunywa chai. Aliwahi kuwa ofisa melini, hadanganyiki. Nikaanza kwa mbali, nikamweleza mvua ile ilivyokuwa, upepo ulivyokaribia kuinyofoa bendera, wakaguzi walivyoniheshimu. Akanisikiliza, kisha akaweka kikombe chini.

"Serahangi. Kulabu ya nyuma. Uliona?"

Mwanangu, nina maneno mengi, unanijua. Nimewahi kumbembeleza askari wa bandari hadi akanibebea begi. Leo nikayaacha yote. Nikajibu kwa neno moja.

"Sikuona."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alivuta faili la meli, akafungua orodha ya nani anakaa mashua ipi, hiyo mpya ya kuanzia Jumamosi, akaigeuza nisome. Mashua ya kulia, watu ishirini na wawili. Ofisa wa tatu anakaa nyuma, kwenye usukani, chini kabisa ya ile kulabu. Jina lako limeandikwa pale kwa mashine, limekaa vizuri, hata herufi hawakukosea.

Akapiga simu melini mimi nikiwa nimesimama. Meli imetia nanga nje ya bandari inasubiri gati, kwa hiyo nahodha akamtuma fundi papo hapo. Tulingoja saa nzima. Mama Filimbi akaendelea na karatasi zake, mimi nikahesabu vigae vya sakafu, nikakosea, nikaanza upya. Alinipa kiti nikakikataa, miguu ilikuwa haitaki.

Simu ikalia. Akasikiliza, akasema "ndiyo" mara nne, akaniambia fundi amekwangua rangi yangu kwa kisu. Kipini hakikuingia. Kulabu ilikuwa imekaa nusu tu, imeshikwa na kutu na rangi. Mashua tupu ingening'inia hapo mwaka mzima watu wakipiga nayo picha. Ikiwa na watu ishirini na wawili ndani, alisema fundi, asingemruhusu hata mbwa wake kupanda.

Nikakaa. Kile kiti nilichokikataa, nilikikalia bila kuombwa.

Basi sasa mashua imefungwa kamba nyekundu, haiguswi. Kulabu mpya inaletwa na wataalamu, na meli haiondoki mpaka waijaribu kwa uzito kamili. Wewe utapanda Jumamosi kama ilivyopangwa. Usiogope, ila usitulie pia.

Mimi mkataba wangu wa userahangi umesimamishwa. Wiki mbili nitakaa darasani na wanaoanza, watoto ambao sijui kama wameshaota ndevu, tukifundishwa kuvaa jaketi la kuokolea. Kisha nikihitajika nitasafiri kama baharia wa kawaida. Mpishi nilipomwambia hakutania. Alinimegea nusu ya mkate wake, na yeye kwa chakula hana huruma na mtu. Mama yako nitamwambia mwenyewe, kwa hiyo akikuuliza, sema mjomba anasoma.

Ninachokuomba ni hiki. Utakapofika, watu wa sitaha watakusalimia vizuri wakisikia wewe ni mpwa wangu. Watakuambia, "Ofisa, nenda ukapumzike, hizi kazi tunazimaliza sisi." Watakuwa wacheshi, watakuwa na mikono myeusi ya kazi, watakuwa wameishi baharini miaka mingi kuliko umri wako. Watakuwa mimi. Wapende, wacheke nao, halafu panda juu ya mashua na tochi ukatazame mwenyewe. Mtu akipaza sauti kwa niaba ya mwenzake, funga kitabu. Wakikununia, wacha wanune. Mtu aliyenuna anarudi nyumbani kwao akiwa mzima.

Na ile picha itoe kwenye daftari. Au iache, lakini uitazame kulabu, usinitazame mimi.

Ila kwenye maharamia sirudi nyuma hata hatua moja. Zilikuwa mashua tatu.

Nisalimie wenzako wa chuoni, na yule rafiki yako mrefu wa chumbani anayekushonea vifungo. Bibi yako anakusalimu, anasema ule mboga na usilale na nywele mbichi. Shangazi yako naye anasalimu, na Mpishi anasema ukikutana na mpishi wa meli yako, usimsifie siku ya kwanza, atalewa sifa.

Mungu akutangulie kwenye ngazi ya kupandia na akushike mkono kwenye ya kushukia. Akupe macho yasiyoona haya kutazama mara mbili.

Mimi mjomba wako akupendaye kuliko jina lake,

Serahangi (kwa sasa, mwanafunzi).

Karani wa safari amekuja kuchukua barua kabla sijaifunga, anauliza kama nimeisoma tena kuhakikisha. Nilitaka kumjibu kwamba barua zangu hazijawahi kuwa na kosa. Nimemwambia asubiri kidogo, nimekaa, nimeisoma yote tangu juu. Nimeona.