Mtuhumiwa Aliyevuka Mpaka kwa Ndala

4 Februari

Fundi, mdogo wangu,

"Baba kaja kwa miguu yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kumdai." Huo ndio ujumbe wako wote, hata salamu hukuweka. Mimi nasalimu. Hamjambo? Wifi yangu na wanafunzi wake wanaendeleaje? Mgongo wako je? Mimi mzima, ila presha imepanda, na aliyeipandisha unamlisha wewe.

Sasa hoja yako. Ni mbovu. Kila mtoro duniani alifika kwa miguu yake! Ndiyo maana nchi zikaandikiana mikataba ya kurudishana watuhumiwa: mtu akikosa huku akakimbilia kule, mpaka usigeuke blanketi la kujifunika. Nchi iliyokosewa inaomba, iliyompokea inamkabidhi, na kesi inasikilizwa kosa lilipotendeka. Basi mimi naomba. Dereva wa treni mstaafu, ambaye siku hizi anakoroga chai nje ya kikombe, alichukua funguo zangu, akaliingiza gari kwenye ukuta wa jirani. Wiki hiyohiyo akatoroka, akavuka mpaka hadi kwako. Ningeweza kumzika, Fundi. Mrudishe.

Dada yako mkubwa

11 Februari

Dada,

Shikamoo. Pole na presha. Sisi hatujambo, mgongo unalalamika nikiwa chini ya gari tu, nikikaa mezani unapona. Baba anakula kama kaajiriwa kula.

Jirani yetu, muuguzi mstaafu wa kliniki ya macho, anamsomea safu yako ya gazeti kila asubuhi kibarazani. Juzi ulikuwa unawachapa mawaziri: "Nchi inayomkabidhi mtu bila kumsikiliza si nchi, ni tarishi." Tulipiga makofi. Kwa hiyo mimi, ili nisiwe tarishi, nimemsikiliza. Ukuta anakiri. Lakini anasema baada ya hapo ulimficha viatu asitoke nje. Viatu, Dada! Kavuka mpaka kwa ndala. Askari wa uhamiaji kamwuliza, "Mzee, unasafiri au unakwenda kuoga?"

Tena wifi yako, ambaye anafundisha uraia, anasema mtu harudishwi mpaka kitendo chake kiwe kosa pande zote mbili. Hapa kwangu mzee kushika usukani si kosa. Na harudishwi penye adhabu ya kikatili. Ombi limekataliwa. Usinune.

Mdogo wako, Fundi

15 Februari

Fundi,

Marahaba, ya shingo upande. Wifi msalimu, lakini mwambie amefundisha nusu ya somo. Haliangaliwi jina la kosa, kinaangaliwa kitendo. Kubomoa ukuta wa mtu, kwenu huko ni mchezo? Nije nibomoe wa gereji yako tuone kama hutaita polisi?

Na safu yangu usinitupie usoni. Niliandika watu wasikilizwe, sikuandika wafugwe.

Viatu niliviweka juu ya kabati kwa sababu niliogopa. Kila breki ikilia barabarani nilitoka mbio na kalamu mkononi, nikijua ni yeye. Tangu Mama atutoke sina mwingine wa kugombana naye nyumbani. Haya, hukumu na hilo.

Dada yako mkubwa

20 Machi

Dada,

Shikamoo tena. Natumaini presha imeshuka. Samahani kwa ukimya. Nilitaka nikujibu nikiwa na la maana. Ni hili: Baba alikuwa na mtoto wa jicho. Jirani yule muuguzi alimwangalia siku moja akimpapasa paka akidhani ni mto, akamshika mkono akampeleka kliniki. Wamemfanyia upasuaji macho yote mawili. Sasa anasoma safu yako mwenyewe, na anasema herufi zako kubwa kuliko hoja zako.

Amekubali kurudi, kwa masharti mawili. Viatu vyake vikae mlangoni. Na ashtakiwe kwa ukuta tu, si kwa jambo lingine lolote alilolitenda kabla ya kukabidhiwa. Wifi yako anasema hata nchi hufanya hivyo: mtu hurudishwa kwa kosa lililotajwa kwenye ombi, asifike akakuta kapu zima la mashtaka. Sharti hili la pili Baba amelishikilia mno. Kanisimamia nikiliandika, kisha kalisoma mwenyewe.

Mdogo wako, Fundi

24 Machi

Fundi,

Macho yote mawili! Nimekaa chini nikacheka peke yangu mpaka jirani wa ule ukuta akaja kuangalia. Mbusu. Mshukuru sana huyo muuguzi.

Masharti nakubali yote, naapa kwa kalamu yangu. Viatu nimevipiga rangi. Mlete.

Dada yako mkubwa

6 Aprili

Fundi na wifi yangu,

Hamjambo? Semeni haraka, maana baada ya barua hii hamtakuwa wazima.

Alishuka kwenye basi na miwani mipya, akanisomea namba ya gari lililokuwa likiishia mwisho wa barabara. Nikalia. Nyuma yake akashuka mama mmoja na sanduku. Nikadhani abiria kapotea.

"Baba, huyu ni nani?"

"Mke wangu. Muuguzi. Tulifunga ndoa kwa Fundi."

"Ndoa! Bila kuniambia?"

"Shtaka hilo halimo kwenye ombi lako. Nililitenda kabla ya kukabidhiwa."

Nikafungua mdomo. Yule mama akanigusa bega: "Uliapa kwa kalamu, mwanangu. Nilisoma mwenyewe." Nimebishana na mawaziri watatu, sijawahi kufungwa mdomo stendi ya basi!

Kesi ya ukuta tumeisikiliza sebuleni. Kakiri, kahukumiwa kuujenga. Hivi sasa anapanga matofali, mkewe anamwambia ni wapi limepinda, naye anabisha. Nyumba ina kelele tena. Nimefurahi, lakini msinitangaze.

Ila sharti lile linamlinda yeye peke yake. Ninyi wawili mlisimama mashahidi, mkala keki, mkanyamaza. Kumficha dada mkubwa harusi ya baba ni kosa kwenu na kwangu. Waulizeni majirani wa pande zote. Kusikilizwa mtasikilizwa, na viatu hamtanyang'anywa. Basi Jumamosi pandeni basi, mje mjikabidhi wenyewe. Na picha za harusi mje nazo, zote.

Dada yenu mkubwa